Nyumbani naitwa mzigo, kanisani naitwa mtoto wa Mfalme: nishike lipi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Mimi ni binti wa miaka 27, nakaa Magomeni hapa Bagamoyo, kwa kaka yangu. Nina stashahada ya ualimu, huu mwaka wa tatu naomba kila ajira zikitangazwa na sijapata. Asubuhi nauza vitumbua karibu na stendi, siku nzuri nabaki na faida ya shilingi 4,000. Kanisani tunafundishwa kujikiri: mimi ni mtoto wa Mfalme, mimi ni kichwa wala si mkia. Nakiri kila siku mbele ya kioo. Nikitoka chumbani nakuta vyombo vya jana, na wifi akikasirika ananiita mzigo mbele ya watoto. Nimetubu mno nikidhani kuna dhambi inanizuia, lakini ndani bado najiona si kitu. Rafiki yangu anaolewa mwezi ujao na nimeanza kumkwepa, maana mchango umenishinda. Je, imani yangu ndiyo ina kasoro?

JIBU: Amina, dada. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokukosesha usingizi. Imani yako haina kasoro hiyo unayoitafuta. Tatizo ni kazi uliyoipa. Umeipa kazi ya kukufanya ujisikie wa maana kila asubuhi, na wewe mwenyewe umejitwika kazi ya kutamka cheo chako mpaka kikae. Katika Maandiko cheo hicho hakitamkwi kwanza na anayekibeba. Anakitamka mwingine, naye anakisikia.

Fungua Luka 3:21 usome bila kukatiza mpaka 4:13. Yesu ana umri wa kama miaka thelathini, na kwa masimulizi ya Luka hajahubiri mahali popote wala kuponya mtu. Anabatizwa katikati ya umati, anaomba, na sauti inatoka mbinguni: "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Baba amependezwa na nini, ikiwa kazi haijaanza? Amependezwa na Mwana. Hiyo peke yake inatosha kukukalisha chini wiki nzima.

Lakini endelea. Luka anaingiza orodha ndefu ya ukoo inayorudi nyuma hadi kwa Adamu, kisha jangwa, siku arobaini, njaa, na Ibilisi anafungua kinywa: "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, liambie jiwe hili liwe mkate." Anarudia maneno hayohayo juu ya kinara cha hekalu. Anapiga palepale pa sauti ya mtoni: kama kweli wewe ni mwana, mbona una njaa? Ni swali lako lilelile: kama kweli mimi ni mtoto wa Mfalme, mbona niko jikoni kwa wifi?

Sasa tazama Yesu anavyojibu. Hasemi hata mara moja, "Ndiyo, mimi ni Mwana." Anajibu mara tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, na kila jibu linamhusu Baba: tunaishi kwa neno lake, yeye peke yake anasujudiwa, yeye hajaribiwi. Hakutetea cheo chake. Alikaa ndani yake kama mtu anavyokaa nyumbani kwao, bila kuwaonyesha wapita njia hati ya kiwanja.

Kwa hiyo kile kioo kipumzishe. Kukiri kweli ya Mungu ni jambo jema la kale, Wakristo wa makanisa mengi hukiri imani kila Jumapili, lakini hapo tunakiri habari za Mungu: nasadiki kwa Mungu Baba. Kukiri kunakokuchosha ni kule kunakoanza na "mimi" na kuishia na "mimi". Moyo ulioumizwa ukiusukumia sentensi kubwa, unaleta ushahidi wake: miaka mitatu bila ajira, vyombo vya jana, kadi ya mchango. Mwaka 2009 watafiti wa Canada walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hasa: watu waliojidharau, walipoambiwa warudie sentensi ya kujisifu, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuirudia. Kwa hiyo si wewe peke yako, wala si pepo. Yohana alilijua hilo zamani, akaandika kwamba hata mioyo yetu ikituhukumu, "Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote" (1 Yohana 3:20). Hakusema tubishane na moyo mpaka ukubali.

Na hilo la toba nyingi lazima nilinyooshe. Watu huchanganya vitu vitatu, na kila kimoja kina dawa yake. Cha kwanza ni hatia, ambayo husema nimefanya vibaya. Dawa yake ni toba: unaungama jambo lenye jina, unasamehewa, unarekebisha panaporekebishika, basi. Cha pili ni aibu, ambayo husema mimi mwenyewe ndiye kibaya. Aibu haiponi kwa toba, kwa sababu hakuna tendo la kutubia. Ndiyo maana umetubu mara mia na mara ya mia na moja bado unahisi uchafu. Aibu hupona kwa kupokelewa: na Mungu, na pia na mtu mwenye sura na jina anayeujua ukweli wako na haondoki. Cha tatu ni hali, yaani kukosa kazi, kukosa chumba chako, kukosa fedha. Hali haihitaji toba wala kukemewa. Inahitaji mpango. Chukua daftari, na kwa siku saba kila moyo unapoanguka andika sentensi moja tu iliyopita kichwani, kisha pembeni andika H ya hatia, A ya aibu, au L ya hali. Usiandike insha. Wengi wakimaliza wiki hukuta H ni mbili au tatu, A zimejaa ukurasa, na L ndizo zilizokuwa zikiziamsha A.

Hapo utahitaji Hajiri. Mwanzo 16. Ni mwanamke anayeishi katika nyumba ya wengine, kama wewe. Katika sura ile Sarai, bibi wa nyumba, akimtaja husema "mjakazi wangu", Abramu mumewe naye "mjakazi wako". Jina lake hawalitamki hata mara moja. Anateswa, anakimbilia jangwani. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika wa BWANA, naye anamuuliza: unatoka wapi, nawe unakwenda wapi? Angalia kwamba Hajiri anajibu nusu tu. Anapotoka anapajua, aendako hana jibu, na hakemewi kwa hilo. Kisha yeye, mjakazi, anampa Mungu jina: "Wewe U Mungu uonaye mimi." (Majirani zako Waislamu wanamkumbuka kila msimu wa Hija wanapokwenda mbio kati ya Safa na Marwa, habari zake zimefika mbali kuliko za Sarai.) Lakini usikubali mtu akutumie sura hii kukwambia uvumilie mateso kwa kuwa Hajiri aliambiwa arudi. Katika sura ya 21 ameondoka katika nyumba ile, na Mungu yuko naye hukohuko nje.

Neno "mzigo" kwa mji wenu si neno jepesi. Bagamoyo ni mji wa wapagazi. Kwa mapokeo ya wenyeji hata jina lake ni bwaga moyo, mahali mtu alipotua alichobeba baada ya miezi ya njia kutoka bara, na furushi la mpagazi mmoja lilikaribia kilo 30. Ila katika misafara ile wengine walikuwa wenyewe ndio bidhaa. Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika hapo mwaka 1868 walinunua watumwa ili wawaache huru, wakawajengea kijiji karibu na misheni. Ukisoma katika 1 Petro 1:18-19 kwamba mlikombolewa, wala si kwa fedha au dhahabu, bali kwa damu ya thamani, kumbuka kwamba katika mji huo kitenzi "komboa" kiliwahi kuwa na bei iliyotajwa kwa sauti sokoni. Binadamu alipangiwa bei kwa meno yake, umri wake na nguvu zake. Petro anasema uliyelipiwa wewe hukukadiriwa kwa vipimo hivyo.

Josephine Bakhita, aliyetekwa akiwa mtoto huko Darfur, Sudan, aliuzwa mara nyingi mpaka akasahau jina alilopewa na wazazi wake. "Bakhita", yaani mwenye bahati, ni jina alilopachikwa na waliomteka. Mwaka 1889 mahakama ya Venice, Italia, ilitamka kwamba ni mtu huru, na tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Miaka ya baadaye alikuwa akionekana akibusu kisima cha ubatizo, kwa kuwa ndipo alipofanywa binti wa Mungu. Jina la kwao halikurudi kamwe. Alikufa mwaka 1947 akiwa mtawa, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu. Namtaja kwa sababu uponyaji wake haukungoja yaliyopotea yarudi, wakati wewe unangoja barua ya ajira ndipo uamini kwamba u mtu.

Sasa utaratibu. Alfajiri yako ni ya moto na unga, kwa hiyo usijiwekee ibada ndefu saa kumi; utaikosa siku ya tatu na utaongeza hatia ambayo haikuwapo. Chukua dakika 15 ukisharudi kutoka stendi, kabla ya kushika simu. Kwa wiki mbili usiguse orodha za mistari ya "mimi ni nani katika Kristo". Si mibaya, lakini mstari uliokatwa kutoka mahali pake hauna mizizi, ni kama mchicha ulionunuliwa jana. Wiki ya kwanza soma Luka 3:21 hadi 4:13 kwa sauti, polepole. Kisha nyamaza dakika tano ukiwa na sentensi moja tu, ile ya mtoni, na usiitamke wewe: isikilize kama inayosemwa kwa Yesu, na wewe umesimama ndani yake, kwa maana ulibatizwa katika yeye. Malizia na Zaburi ya 13, ambayo ni mistari sita tu na inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Wiki ya pili soma Isaya 43:1-7, pale penye "nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu", pamoja na Zaburi 139:1-18. Ijumaa ya wiki hiyo ongeza Isaya 43:22-28 uone maneno yale matamu yaliambiwa akina nani: watu waliomchosha Mungu kwa dhambi zao. Hawakuwa watu waliofaulu.

Mambo matatu huharibika hapo. Siku ukiruka, usianze upya kuhesabu, endelea ulipoishia. Usipohisi chochote, usiongeze sauti. Kusikia si kuhisi. Na ukijikuta unalia au unataka kusema "mimi si kitu", sema, lakini mwambie Mungu. Zaburi ya 22 ina mtu anayesema "mimi ni mdudu wala si mtu", na ndiyo zaburi ambayo Yesu aliianza akiwa msalabani. Kumwambia Mungu unavyojiona si ukiri mbaya unaofunga baraka. Mafundisho yanayokutisha hivyo yamewanyima waumini wengi kitabu kizima cha Zaburi, na jambo hilo linaniuma. Vilevile ukiambiwa thamani yako itafunguliwa kwa mafuta au sadaka maalumu ya kiasi fulani, ondoka. Hilo ni soko la watu limerudi kwa mlango mwingine.

Turudi kwa wifi. Wagalatia 6 inazungumzia mizigo, na Kiswahili cha Biblia kimetofautisha vizuri: mstari wa 2 unasema "mchukuliane mizigo", na wa 5 unasema kila mtu atalichukua "furushi lake mwenyewe". Mzigo ni ule uliozidi uwezo wa mmoja, kama miaka mitatu bila ajira. Huo familia inausaidia na si aibu. Furushi ni sehemu yako ya kila siku. Unaweza kuwa na mzigo na unaweza kubeba furushi, lakini hakuna mstari unaosema mtu ndiye mzigo. Sasa lifanye furushi lako lionekane. Kwa siku sita za faida ya 4,000 unapata 24,000. Toa 10,000 nyumbani kila Jumamosi, weka 6,000 ya mtaji mahali usipopagusa, 2,400 fungu la kumi, na 5,600 matumizi yako. Wiki mbaya ikipungua, punguza kwa uwiano na useme mapema, kabla hujaulizwa.

Zungumza na kaka kwanza, ana kwa ana, siku ambayo hamjagombana, kisha muombe muongee naye na wifi pamoja. Usitumie ujumbe wa simu. Maandishi hayana sauti ya unyenyekevu. Maneno yawe mafupi: "Kaka, nakushukuru umenihifadhi. Nimeamua kila Jumamosi nichangie 10,000, na vyombo vya usiku nitaviosha mimi. Naomba jambo moja: nikikosea mniite pembeni mniambie, neno mzigo lisitumike mbele ya watoto." Toa kwanza, omba baadaye, na omba jambo moja tu. Ukiomba matano utapata mabishano. Wifi asipobadilika mara moja usishangae, huenda naye anabeba yake. Ila ikiwa kuna kupigwa, kunyimwa chakula au kuguswa usivyotaka, hapo hakuna cha kuzungumza mezani: mwendee mjumbe, mchungaji, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Kuhusu vyombo vyenyewe, soma Yohana 13:3-5. Yohana anasema Yesu, akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu, aliondoka chakulani, akajifunga kitambaa kiunoni, akaosha miguu. Anayejua atokako anaweza kushika beseni bila kupungua. Pima kwa hili: siku ukiosha vyombo kwa hofu ya kufukuzwa, na siku ukiviosha kwa sababu ni zamu yako, maji ni yaleyale lakini mtu ni tofauti.

Kanisani tafuta mtu mmoja, mama mwenye umri anayetunza siri, umwambie haya uliyoniandikia, yote, kwa dakika 30. Mmoja anatosha, kundi la maombi la simu lisijue. Muulize pia mwalimu wa watoto kama unaweza kushika darasa mara mbili kwa mwezi. Wewe ni mwalimu kwa mafunzo, na kipawa kisichotumika huanza kumsuta mwenyewe. Usishike kila Jumapili. Ukishika kila huduma utakuwa unanunua thamani kwa jasho, na kanisa litakushangilia wakati unazama.

Kitu kimoja nakuomba usikipuuze. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, huzuni haishuki, usingizi umekatika au umezidi, chakula hakipiti, au wazo la kufa linakuja, nenda hospitali ya wilaya ueleze hivyohivyo. Hiyo inaweza kuwa sonona, ni ugonjwa na unatibika. Wazo la kufa likija usingoje wiki mbili wala usikae peke yako. Nenda siku hiyohiyo na mtu. Eliya katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Malaika hakumhubiria: alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akamlisha tena. Mazungumzo yalikuja siku nyingi baadaye, mlimani.

Na sasa rafiki yako. Sokoni ukinunua dagaa muuzaji hukuongezea kidogo juu ya fungu. Ile nyongeza haina bei. Mathayo anasema shomoro wawili huuzwa kwa senti moja, Luka anasema watano kwa senti mbili. Piga hesabu: wa tano ni nyongeza. Shomoro kilikuwa kitoweo cha maskini, sarafu yenyewe ilikuwa sehemu moja ya 16 ya ujira wa kibarua wa siku, na huyu wa tano hata hiyo hakulipiwa. Yesu anasema hasahauliwi hata mmoja wao mbele za Mungu (Luka 12:6). Wewe umejihesabu kuwa shomoro wa tano katika harusi hiyo, na umejiondoa kabla hujaondolewa.

Mpigie leo. Mwambie kweli: "Kiwango cha kamati sitakiweza, na aibu ndiyo iliyonifanya nikukwepe, nisamehe." Hiyo ni H moja yenye jina, itubie na iishe. Kisha mpe kilicho mkononi mwako: vitumbua hamsini vya chai ya asubuhi kwa wageni watakaolala kwao siku ya harusi. Loweka mchele mapema kuliko kawaida, na vikiiva usimtume mtoto, vipeleke mwenyewe.